Kutembea Peke Yako Milima ya Santa Catalina

Kutoka Tucson, jimbo la Arizona, barabara ya Catalina hukutoa kwenye jangwa la saguaro, ile mimea mirefu ya dungusi kakati yenye mikono, na kukufikisha kwenye misonobari ya Mlima Lemmon, karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi huyaona yote hayo kupitia dirisha la gari. Mwenye siku moja na miguu yenye nguvu ashukie njiani, kambi ya Gordon Hirabayashi, afuate barabara kuukuu ya msituni iendayo kwenye bwawa la Sycamore.

Mahali pa kambi hiyo zamani palikuwa na gereza. Wafungwa ndio walioichonga barabara uliyopandia, kazi iliyoanza 1933. Hirabayashi, mwanafunzi wa Seattle, alikataa kutii amri za kuwatenga Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipohukumiwa, serikali haikumpa nauli. Alikuja kutumikia kifungo chake kwa kuomba lifti. Ilipofika 1987 hatia zake zote zilikuwa zimefutwa. Usiharakishe kuondoka, misingi ya majengo ya gereza bado ipo, na inastahili dakika zako.

Njia hupanda hadi mgongo wa kilima, kisha huteremka muda mrefu kuelekea bwawani. Hapo ndipo penye hatari. Asubuhi mteremko hukubeba, unajiona hodari. Mchana mlima uleule unakungoja urudi, jua likiwa utosini na maji yamepungua. Kwa hiyo anza alfajiri, na urudi kabla maji hayajafika nusu, hata kama bwawa hujaliona. Beba lita 4 kwa uchache. Usitegemee kuchota njiani. Kuanzia Juni hadi Septemba, mimi nisingeiteremka njia hii kabisa. Ningepanda juu zaidi, kwenye kivuli cha misonobari.

Kwa kuwa uko peke yako, mwachie mtu jina la njia na saa ya kurudi, na mkubaliane ikipita saa hiyo apige 911. Mtandao hukatika kwenye makorongo.

Beba chanuo. Vipande vya mmea wa dungusi kakati uitwao cholla hunasa kwenye suruali ukiupitia karibu, na ukivishika kwa vidole utaongeza jeraha. Pitisha meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, ukirushe mbali. Miiba iliyobaki itolewe kwa kibano. Nyoka mwenye njuga mkiani akilia, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma taratibu.

Julai na Agosti mawingu huweza kujikusanya ghafla baada ya adhuhuri. Ukisikia radi, shuka utoke kwenye mgongo wa kilima, lakini usijikinge ndani ya korongo kavu: mvua iliyonyesha mbali inaweza kulijaza huku juu yako kungali kweupe.