Sajili ya Zahanatini: Mgonjwa Ajieleze Vipi?

Katika vitabu vyetu vya isimujamii, sajili ya hospitalini (walimu wetu wa zamani waliiita rejista) hupewa nusu ukurasa hivi. Tunaambiwa kwamba ina msamiati maalum, maswali na majibu mafupi, lugha ya upole na kuchanganya ndimi. Tunakariri, tunajibu swali, tunapata alama zetu, yameisha. Lakini ukifika katika zahanati yoyote huku kwetu mwendo wa saa moja asubuhi, utawaona watu wamejaa kwenye mabenchi, madaftari mkononi, na kila mmoja wao anajua kwamba akishaingia kwenye kile chumba atakuwa na dakika chache tu za kujieleza. Muuguzi ni mmoja, laini ni ndefu. Anachokijua kuhusu mgonjwa, kwa sehemu kubwa, ni kile mgonjwa atakachosema. Ndiyo sababu nimeonelea somo la mwaka huu tulitoe darasani na kulipeleka huko kwenye benchi.

Tuanze na majina, maana hapo pana mchanganyiko. Zahanati, ambayo wengi huiita dispensari, ni kituo cha ngazi ya 2 katika mpango wa afya wa Kenya. Kituo cha afya ni ngazi ya 3, kisha huja hospitali za ngazi ya 4 na 5, hadi ngazi ya 6 kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi. Katika zahanati anayetutibu mara nyingi ni muuguzi, na katika kituo cha afya ni tabibu, lakini sisi wagonjwa wote tunamwita "daktari", na akiwa mwanamke tunamwita "sista". Hakuna anayekasirika. (Kwa wenzetu wa Tanzania hadi leo kuna cheo kikubwa kabisa cha Mganga Mkuu wa Serikali, ilhali huku kwetu ukisema "nimetoka kwa mganga" majirani watakutazama kwa jicho jingine.) Daftari nalo lina maana yake. Wagonjwa wengi huandikiwa matibabu katika daftari dogo la shule, na ndiyo historia yao yote. Asiyekuja nalo huanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Sasa tuje kwenye kitenzi chenyewe. Mara ngapi umesikia mtu akisema "ninauma tumbo"? Kitenzi kuuma kina mtendaji na mtendwa. Mbwa huuma, nyuki huuma, na wewe ukisema "ninauma tumbo" umejifanya mbwa na tumbo limekuwa mguu wa mpita njia. Kinachouma ni kiungo, nawe ndiwe unayeumwa: "Tumbo linaniuma", au "ninaumwa na tumbo". Kweli, muuguzi atakuelewa tu hata ukikosea, na hatakukata alama. Ila huko kuumwa peke yake hakumtoshi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kutofautisha maumivu, na nasikitika kwamba tunauacha uoze vitabuni. Tumbo husokota, hukata, au huunguza. Kichwa huwanga au hugonga. Kifua hubana, au mtu husikia kichomi akivuta pumzi. Mkono hufa ganzi, kifundo huteguka, ngozi huwasha, mwili hulegea. Mgonjwa aliyesema "kifua kinanibana nikipanda mlima na kuniacha nikipumzika" amemsaidia muuguzi pakubwa kuliko aliyesema "kifua ni kibaya".

Kuna maneno mengine ambayo ni mitego kwa sababu yana maana zaidi ya moja. "Homa" kwa mmoja ni mwili kuwa moto, kwa mwingine ni mafua na kupiga chafya, na kwa mwingine ni malaria. "Tumbo" laweza kuwa mahali pa chakula, laweza kuwa mfuko wa uzazi, na laweza kuwa mimba. "Juzi" ni siku moja kabla ya jana, lakini katika mazungumzo yetu juzi huweza kunyooka hadi mwezi uliopita. Na "unaendesha?" si swali la gari, jamani.

Yatazame mazungumzo haya. Tuseme ni mwanafunzi wa kidato cha pili, amempeleka nyanya yake zahanatini. Nyanya hajui Kiswahili kingi, na muuguzi hajui lugha ya mama ya hapo.

MUUGUZI: Karibuni. Mgonjwa ni nani?
MJUKUU: Ni nyanya.
MUUGUZI: Hujambo, nyanya? Unaumwa na nini?
NYANYA (kwa lugha ya mama): Tumbo hili mwanangu, tangu tulipomaliza kuvuna. Mwanzo lilikuwa likiniunguza nikikaa na njaa, sasa ni mchana na usiku. Vile vidonge vya magoti nimemeza lakini wapi. Na choo changu kimekuwa cheusi kama lami.
MJUKUU: Anasema tumbo linamuuma.
MUUGUZI: Limeanza lini?
MJUKUU: Juzi.
MUUGUZI: Anaendesha?
MJUKUU: Hapana.
MUUGUZI: Kuna dawa yoyote anayotumia?
MJUKUU: Sijamwona akitumia.

Mwalimu akikuuliza sifa za sajili hapa utazitaja zote: maswali ya moja kwa moja, majibu mafupi, msamiati wa maradhi. Alama kamili. Lakini hebu angalia kilichopotea njiani. Nyanya alisema habari nne na muuguzi akapata moja. Choo cheusi kama lami huweza kuwa ni dalili ya damu inayovuja tumboni, jambo ambalo halingoji kesho. Vidonge vya maumivu ya viungo, vile vinavyonunuliwa kwa kemisti bila kuulizwa neno, vingi vyao huweza kuchubua tumbo hadi kuleta vidonda. Na "tangu tulipomaliza kuvuna" imekuwa "juzi". Muuguzi ameuliza vizuri, swali baada ya swali. Tena swali la dawa ndilo lililokuwa ufunguo, lakini mjukuu alilijibu mwenyewe bila kumgeukia nyanya.

Kwa nini akakata maneno? Si kwa ubaya. Wengine huona haya kutaja choo cha mtu mzima, tena nyanya yake mwenyewe. Wengine hudhani mkalimani mzuri ni yule anayefupisha, kama tunavyofundishwa katika ufupisho: maneno 90 yawe 40. Hapa ufupisho ni sumu. Mkalimani wa zahanatini hubeba maneno yote, hata yale asiyoyaelewa, hata yale yanayomwaibisha. Akiulizwa swali humgeukia mgonjwa kwanza, hata kama anadhani jibu analijua. Na asipopata neno la Kiswahili, aeleze: "kitu kinazunguka hapa chini ya mbavu", kisha aonyeshe kwa kidole. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ndio wakalimani wa nyumba zetu, tutake tusitake.

Hili la haya linatuleta kwenye tasfida. Tumefundishwa, na ni vyema, kusema "haja ndogo", "haja kubwa", "sehemu za siri", "kuingia mwezini". Tasfida humpa mgonjwa stara huku maana ikifika. Tatizo ni pale stara inapofunika maana yenyewe. Msichana anaingia, anamkuta muuguzi ni mwanamume, mlango uko wazi na benchi zima linasikiliza. Anasema "naumwa na tumbo". Kumbe anapokwenda haja ndogo anahisi kuungua. Mvulana naye anasema "ni mgongo". Wote wanaondoka na vidonge vya kutuliza maumivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, ila mimi nadhani kosa si la mgonjwa peke yake. Mlango ungefungwa, angesema. Basi jifunze sentensi hii moja na uitumie bila kutetemeka: "Daktari, naomba tufunge mlango, nina jambo la siri." Unaweza pia kuliandika kwenye karatasi na kumpa. Nimewaza sana juu ya tasfida na sioni kama sentensi "nikienda haja ndogo nahisi kuungua" ina utovu wowote wa adabu.

Tuje kwenye dawa. Mgonjwa hutoka na vibahasha vidogo vilivyoandikwa 1x3 au 2x2. Mwanahisabati atasema 1x3 ni tatu na kumeza tatu kwa mpigo! Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni idadi ya nyakati kwa siku: kimoja, kutwa mara tatu. Halafu kuna "baada ya chakula". Kwa nyumba inayokula mara mbili kwa siku, ile dozi ya tatu huachwa kimya kimya, na hakuna anayeuliza. Muuguzi angejua, angesema kama dawa hiyo yaweza kumezwa hata bila kula.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Chukua dawa ya malaria ile ya AL. Mtu mzima hupewa vidonge 24. Humeza vinne papo hapo, vinne vingine baada ya saa nane kupita, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Sasa mgonjwa amemeza vya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa haraka haraka, "Vingine ni saa nane." Atameza saa nane mchana, yaani saa nne tu zimepita. Aliyekusudiwa alikuwa ameze saa kumi na mbili jioni. Kosa hili haliwezi kumpata Mwingereza, maana haliko katika lugha yake. Liko katika lugha yetu, ambamo saa ni wakati na saa ni muda. Walimu wetu hutukata alama tukisema "masaa", nami sibishani nao hapa kwenye gazeti la chama. Ila nasema hivi: yule mama wa sokoni anayesema "baada ya masaa manane" hatakosea dozi. Anayetaka usanifu na aseme "zikipita saa nane tangu umeze vya kwanza", na kisha amwulize mgonjwa, "Itakuwa saa ngapi?"

Je, ni ujeuri kumwambia daktari arudie? Hapana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya afya na kukataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hivyo ukisema "samahani sista, naomba uniandikie kwa Kiswahili", unaomba kilicho chako.

Na hata kufika kwenye kile chumba kuna historia yake. Desemba 1989 wagonjwa wa serikali walianza kutozwa ada, ikasimamishwa 1990, ikarudi 1992. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili. Tangu Oktoba 2024 kumekuwa na SHA mahali pa NHIF, na swali la kwanza dirishani limekuwa, "Umejisajili?" Mzee asiyelielewa neno hilo hudhani anaulizwa kama ameshaandikwa kwenye laini, akajibu "ndiyo, tangu alfajiri". Mwenye simu anaweza kumsajili kwa kupiga *147#. Ni kazi nyingine ya mjukuu.

ZOEZI. Yaandike upya mazungumzo ya nyanya na muuguzi, wewe ukiwa mjukuu, bila kuacha hata habari moja. Kisha mweleze nyanya, kwa Kiswahili chepesi, bahasha iliyoandikwa 2x2, ikiwa amemeza vya kwanza saa tatu asubuhi na vingine ni baada ya saa kumi na mbili. Mwisho, tafuta katika lugha ya mama ya kwenu maneno matano ya kutaja maumivu na uyatafsiri. Usipopata neno moja la Kiswahili, tumia sentensi nzima.