Taa za Njia Panda: Zamu Inayofuata Ni ya Nani?



Yeyote aliyepata kufika mji mkubwa ameziona taa za njia panda: nyekundu simama, kijani pita. Lakini ni wachache waliojiuliza nani anayeamua kwamba sasa upande huu ungoje na upande ule upite. Hamna mtu ndani ya kabati lile la chuma lisimamalo kando ya njia. Katika somo hili tutaona jinsi kabati hilo linavyoamua, kwa mfano wa taa za Uingereza.

MWANZO WAKE

Taa ya kwanza ilisimamishwa London karibu na Bunge mwezi wa Desemba 1868. Iliwaka kwa gesi, na askari polisi aliigeuza kwa mkono. Haikudumu hata miezi miwili: Januari 1869 ililipuka ikamjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha.

Mwaka 1927 mji wa Wolverhampton ulipata taa za umeme zilizojigeuza zenyewe. Lakini hizo zilifuata saa tu. Kila upande ulipewa muda wake, magari yawepo yasiwepo, na dereva alingoja bure mbele ya njia tupu. Mwaka 1928 huko Baltimore, Marekani, Charles Adler alitengeneza taa iliyosikia: dereva alisimama, akapiga honi, na taa ikabadilika. Hapo ndipo taa ilipoanza kupokea maombi.

MAOMBI

Siku hizi honi haihitajiwi. Chini ya lami huzikwa waya uliozungushwa, wenye umeme ndani yake. Gari likifika juu yake, chuma chake hubadili kidogo hali ya umeme ule, na kabati likapata habari. Mtu wa miguu hubonyeza kitufe. Ombi lake likishaandikwa limeandikwa. Kubonyeza mara kumi hakuongezi kitu.

KANUNI ZA ZAMU

Mafundi huwagawa wapitaji katika zamu. Wanaoweza kupita pamoja bila kugongana huwekwa zamu moja. Tuchukue mfano: Zamu ya 1 ni njia kuu, Zamu ya 2 ni njia ndogo, na Zamu ya 3 ni waendao kwa miguu. Kijani sasa kiko Zamu ya 1. Kabati hufuata kanuni hizi:

1. Pasipo ombi la upande mwingine, kijani hukaa palepale.

2. Kijani kikishawaka kwa magari hakiondolewi upesi. Kwa kawaida hukaa sekunde 7 kwa uchache.

3. Kila gari linalokaribia katika kijani huongeza muda kidogo, lipate kupita.

4. Nyongeza hizo zina mwisho. Tangu ombi la upande mwingine lifike, kabati huhesabu, tuseme, sekunde 40. Zikiisha, zamu hukatwa hata kama magari bado yanakuja. Lakini waliokatwa hawasahauliwi: kabati lenyewe huandika ombi kwa niaba yao, zamu yao ipate kurudi.

5. Zamu ifuatayo hutafutwa kwa mzunguko: 1, 2, 3, kisha 1 tena. Zamu isiyo na ombi hurukwa.

Sasa fikiri. Mama mwenye mtoto amebonyeza kitufe. Baada yake lori limefika katika njia ndogo. Nani atapita kwanza? Wengi watajibu, mama. Sivyo! Kabati halitazami nani alitangulia kufika, bali nani anafuata katika mzunguko. Lori litapita, kisha mama. Lakini kama njia ndogo ingekuwa tupu, Zamu ya 2 ingerukwa na mama angefuata mara. Kwa hiyo, mtu mmoja wa miguu hawezi kusahauliwa kwa sababu ya wingi wa magari. Mzunguko lazima umfikie.

USALAMA

Kijani hakirukii upande mwingine ghafula. Kwa magari, taa ya manjano huwaka sekunde 3 kabla ya nyekundu. Nao wangojao huonyeshwa nyekundu na manjano pamoja kwa sekunde 2 kabla ya kijani. Penye njia panda pana muda huu wa kati huongezwa, ili gari la mwisho limalize kuvuka.

Tena kuna mlinzi ndani ya kabati asiyeamua zamu yoyote. Kazi yake ni kuzitazama taa zenyewe. Akiona kijani mbili zinazopingana zimewaka pamoja, huzizima taa zote mara moja. Taa isiyowaka humtia dereva hadhari. Taa iongopayo huua.

JARIBU MWENYEWE

(a) Kijani kiko Zamu ya 2. Ombi la Zamu ya 1 limefika kwanza, kisha la Zamu ya 3. Zamu gani itafuata?

(b) Kwa nini zile sekunde 40 huhesabiwa tangu ombi la upande mwingine lifike, wala si tangu kijani kiwake?

Andika majibu yako katika daftari, kisha umwonyeshe mwalimu wako wa sayansi.