SOMO LETU: VYUMBA VYA CHINI, MKUNAZINI

Leo tunakwenda Unguja. Kutoka kwetu Isaka tunafika Dar es Salaam, halafu tunapanda boti.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa papo hapo. Baadhi ya waliouzwa walitoka bara, wakipitia Tabora kwa miguu.

Kata tiketi langoni. Mkiwa kikundi, toeni taarifa mapema. Jengo la jirani lina vyumba viwili vya chini. Wageni huambiwa watumwa walifungiwa humo. Baadhi ya wanahistoria husema vilijengwa baadaye, viwe ghala la misheni. Soma vibao, uliza pia.

Swali la kujadili: Hata kama vyumba ni vya baadaye, je, uchungu wa soko lile unapungua?