Regulata ya Zamani kwenye Mtungi wa Leo

Regulata za kuzamia za miaka ya 1950 na 1960, kama DA Aqua Master ya U.S. Divers yenye mipira miwili inayopita mabegani, zilitengenezwa kwa shaba na zikitunzwa bado zinafanya kazi vizuri. Kinachozisumbua zaidi ni presha. Mtungi wa chuma uliotamba Marekani enzi hizo ulijazwa psi 2,250, yaani takriban bar 155. Mtungi wa alumini unaokodishwa leo, kuanzia Zanzibar hadi Watamu, hujazwa bar 207. Mitungi ya chuma ya kisasa hufika bar 232, na mingine 300. Kabla ya kufunga regulata ya zamani kwenye mtungi wa leo, fanya haya.

1. Kagua kibano. Regulata nyingi za kale hushika vali kwa kibano cha skrubu. Vibano vya sasa huishia bar 232, na vya zamani ni vyembamba zaidi. Chembamba kikitanuka kidogo tu kwa presha, oringi iliyo kati yake na vali hufyatuka na hewa kumwagika kwa kishindo. Vali za leo pia ni nene, kwa hiyo kibano kisipoingia usikipige tupa. Tafuta kibano kipya kinachoendana na regulata hiyo, au kiungo cha DIN cha kuskrubu. Mtungi wa bar 300 uachie regulata ya DIN iliyoundwa kwa presha hiyo.

2. Punguza ujazo. Kama huna uhakika wa kiwango cha regulata yako, kichukulie kuwa ni kile cha mtungi wa enzi zake. Mwambie anayejaza aishie bar 150. Mtungi wa lita 11 utakupa takriban lita 1,650 badala ya 2,280, basi panga mzamo mfupi.

3. Pima presha ya kati, yaani ile iliyo kati ya hatua ya kwanza ya regulata na vali ya mdomoni. Fundi aifunge regulata kwenye mtungi wenye presha ileile utakayozamia, kisha aunganishe geji. Regulata ya pistoni ya aina rahisi iliyorekebishwa kwenye bar 150 inaweza kuanza kuvuja mdomoni ikifungwa kwenye bar 230. Mshale ukitulia kwa dakika kadhaa, sawa. Ukipanda polepole, siti ya vali imechakaa na lazima ibadilishwe.

4. Uliza kuhusu vali ya usalama. Katika regulata nyingi, presha ya kati ikizidi, vali ya mdomoni hufunguka na kuitoa. Zipo za zamani ambazo vali hiyo hujibana zaidi presha inapopanda; hizo zisipofungwa vali ya usalama ya kupunguza presha, mpira unaweza kupasuka.

5. Badilisha mipira na viwambo. Ikunje kwa vidole: ukiona nyufa, itupe. Viwambo vya silikoni vinapatikana kwa modeli nyingi.

6. Ongeza kinachokosekana. Nyingi hazina tundu la geji ya mtungi, wala pa kuunganisha regulata ya akiba au mpira wa jaketi la kuelea. Geji inaweza kuongezwa kwa kiunganishi maalumu. Kwa akiba, beba mtungi mdogo wenye regulata yake ya kisasa.

7. Tumia hewa ya kawaida tu. Usiweke naitroksi, kwa kuwa siti na grisi za zamani hazikutayarishwa kwa oksijeni nyingi.

Zamia kwanza kwenye bwawa au maji ya kina cha kiuno, ukiwa na mwenzako. Mipira miwili ikiingia maji, lalia ubavu wa kushoto, upande wa mpira wa kutolea, kisha pumua nje kwa nguvu. Regulata ikishindwa jaribio lolote kati ya haya, usiingie nayo baharini hadi fundi anayeijua aina hiyo aitengeneze na kuijaribu upya.