Tarehe Iliyofichwa Kwenye Kaseti: Usiipoteze Unapohamisha Video za Nyumbani

Nyumba nyingi za Kericho na Bomet bado zina kaseti ndogo za kamera ya video za miaka ya 1990 na 2000. Ndani yake mna koito, harusi, mazishi ya wazee, siku ya kwanza ya mtoto shuleni. Zikipelekwa studio zigeuzwe kuwa faili, mara nyingi picha hurudi salama lakini tarehe haipo. Tarehe utakayoiona kwenye faili ni ya siku kaseti ilipohamishwa, si ya siku sherehe ilipofanyika.

Jambo hili si dogo. Mjane anayedai sehemu yake ya shamba la chai anaweza kutakiwa kuonyesha kwamba ndoa ya kimila ilifungwa, na ilifungwa lini.

Kwanza tambua aina ya kaseti. VHS haihifadhi tarehe mahali pengine ila kwenye picha yenyewe. Kama mpiga picha hakuiwasha wakati wa kurekodi, haipo. Video8 na Hi8 nyingi ni vivyo hivyo. MiniDV na Digital8 ni tofauti. Hizo huandika tarehe na saa pamoja na kila picha, lakini kwa siri, pembeni ya picha. Skrini haionyeshi kitu, na wengi hudhani haikurekodiwa.

Siri hiyo hupotea kwa njia moja ya kawaida: waya wa rangi tatu, wa njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo hubeba picha na sauti tu. Mwambie mwenye studio atumie waya wa FireWire (Sony huuita i.LINK) na akupe faili ya DV kama ilivyo, kabla ya kuigeuza kuwa MP4. Saa moja ya video huchukua takriban gigabaiti 13, kwa hiyo beba diski kubwa. Programu ya bure ya WinDV huweza kuipa faili jina lenye tarehe ya kurekodiwa, na dvrescue husoma tarehe ya kila picha. Kama hakuna FireWire, kwenye kamera nyingi za Sony bonyeza DATA CODE kaseti ikicheza na uruhusu maandishi yatoke hadi kwenye waya. Tarehe itaonekana, ila itabaki juu ya picha daima. Kabla ya yote, sogeza kile kibao kidogo cha kaseti upande wa SAVE ili mtu asirekodi juu yake.

Njia nzuri zaidi ya kuonyesha tarehe ni maandishi yanayoweza kuwashwa na kuzimwa. Fungua programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, uandike hivi:

1
00:00:00,000 --> 00:00:06,000
Jumamosi, 13 Desemba 2003, 14:20

Kama video inaitwa koito.mp4, ihifadhi kwa jina la koito.srt kwenye folda hiyo hiyo. Ukiifungua kwa VLC, tarehe itatokea chini ya picha kwa sekunde sita. Ongeza mstari mwingine kila siku au mahali panapobadilika.

Sasa, je, saa ya kamera ilikuwa sahihi? Hapa ndipo penye kazi. Betri ndogo ya ndani ikifa, kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, kwa hiyo ukiona 1 Januari saa sita usiku huku jua linawaka, usiiamini. Kuna pia aliyeweka saa kwa hesabu ya Kiswahili: saa mbili asubuhi ikaandikwa 2:00 badala ya 8:00. Kamera hiyo iko nyuma kwa saa sita, na tarehe yake hubadilika alfajiri badala ya usiku wa manane.

Tarehe iliyoandikwa juu ya picha ina mtego wake. 04/08/2001 ni 4 Agosti, au kwa mpangilio wa Marekani, 8 Aprili. Angalia kalenda: 4 Agosti 2001 ilikuwa Jumamosi, na 8 Aprili ilikuwa Jumapili ya Matawi. Harusi ya kanisani ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya Agosti.

Tazama na vilivyomo kwenye picha. Picha ya Rais Kibaki ikiwa ukutani ofisini, video haiwezi kuwa ya kabla ya 30 Desemba 2002, siku aliyoapishwa. Gari lenye namba inayoanza na KB haliwezi kuwa kwenye video ya 1998. Waulize wazee wakiwa bado wapo, na uandike jibu pamoja na jina la aliyelitoa.

Kwa wanaofikiria mahakama: maandishi ya srt yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo peke yake hayathibitishi kitu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Omba studio ikuandikie siku ya kuhamisha, mashine iliyotumika na jina la aliyefanya kazi hiyo. Faili ya DV usiiguse. Fanyia kazi nakala. Kaseti yenyewe irudishe nyumbani uiweke mahali pakavu, maana unyevunyevu wa huku kwetu huotesha ukungu, na kaseti yenye utando mweupe isichezwe kabla ya fundi kuisafisha.