Somo la Kupima Sauti Nzito

Baadhi yenu mna sinema nyumbani, yaani televisheni, risiva, spika 5 na sabufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Leo nataka kuwaeleza jambo moja tu lililomtia mjomba wangu hasara: kupima sauti ya sabufa wakati deki imeungwa kwa waya za analogi.

Likizo iliyopita nalikwenda kumtazama mjomba. Deki yake ni ya zamani, inayocheza hata santuri za SACD na DVD-Audio. Santuri hizo zilitoka miaka ya 1999 na 2000, na sauti yake kamili haikuruhusiwa kupita katika waya wa kawaida wa dijitali. Ndiyo maana deki yake ina matundu 6 nyuma, na kila spika ina waya wake.

Jioni majirani walikuja kusikiliza. Waimbaji walisikika vizuri, lakini ngoma ilikuwa kama inapigwa nyumba ya tatu. Mjomba akaona haya mbele ya wageni. Akaenda nyuma ya sabufa, akazungusha kifungo cha nguvu mpaka mwisho. Ngoma ikaja, wageni wakafurahi. Kesho yake watoto wakaweka filamu ya vita, safari hii kwa waya wa dijitali. Mzinga wa kwanza ulipolia, madirisha yalitetemeka, sabufa ikakohoa, kisha kimya. Karatasi yake ilikuwa imepasuka.

“Mjomba,” akaniambia, “ninyi mnasoma fizikia. Hebu nieleze, nimekosa wapi?” Sikuwa na jibu. Nalirudi shuleni nikauliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika sauti ya filamu iitwayo 5.1, ile 1 ya mwisho ni njia ya pekee ya sauti nzito tu, zisizozidi mitetemo 120 kwa sekunde. Mafundi huirekodi njia hiyo chini kwa desibeli 10, ili wapate nafasi ya kutia mishindo mikubwa. Mashine ya kucheza yapasa kuzirudisha desibeli hizo. Ukitumia waya wa dijitali, risiva huifumbua sauti yenyewe na kurudisha kilichopunguzwa. Lakini kwa waya za analogi, deki ndiyo inayofumbua, na risiva hupokea sauti kama ilivyo. Mara nyingi deki huiachia risiva kazi ile, na risiva huiachia deki. Basi haifanywi na yeyote, na sabufa hubaki chini.

Desibeli 10 si kidogo: ni nguvu mara 10. Tena kifungo kilicho nyuma ya sabufa hakijui sauti imepita njia gani. Mjomba alipokizungusha kwa ajili ya analogi, aliongeza na dijitali, ambayo haikupungukiwa kitu. Yapasa kutengeneza upungufu pale ulipo, si mahali pengine. Fanyeni hivi:

Kwanza, wekeni kifungo cha sabufa katikati. Kwa waya wa dijitali, pigeni sauti ya majaribio ya risiva, na kipima-sauti kikae mahali pa kichwa cha msikilizaji. Kipimo kiwe cha C, na mwendo wa polepole. Rekebisheni kila spika, na sabufa pia, mpaka zisome desibeli 75. Tangu hapo msikiguse tena kile kifungo.

Pili, chukueni santuri moja ya DVD yenye sauti za majaribio. Ichezeni kwa dijitali, mwandike kipimo cha spika ya mbele na cha sabufa.

Tatu, ichezeni santuri ileile kwa analogi. Ongezeni au punguzeni sauti ya risiva mpaka spika ya mbele isome kama mwanzo. Halafu someni sabufa. Kilichopungua ndicho kinachodaiwa. Hata kama kipimo chenu si kizuri sana, kitafaa, maana mnalinganisha sauti ileile kwa njia mbili.

Nne, lipeni deni hilo katika risiva, mahali pa kurekebisha sabufa ya analogi peke yake. Risiva nyingine zina chaguo la kuongeza 10. Kama haifiki, ingieni katika deki, mpunguze zile spika 5 kwa desibeli 5 na kuongeza sabufa 5, kisha mpandishe sauti ya risiva. Jumla ni ileile 10.

Likizo iliyofuata mjomba alikuwa amekwisha kutia karatasi mpya kwa fundi. Tulipima pamoja. Kwa dijitali sabufa ilisoma 75, kwa analogi 65. Mjomba akacheka, akasema, “Kumbe nimenunua karatasi mpya kwa ajili ya hesabu ya kutoa!”

Basi, ndugu zangu, chombo kikikosa sauti, msikimbilie kifungo kilicho karibu na mkono. Pimeni kwanza. Haraka haraka haina baraka.