Jirani na Kelele za Usiku

Katika mitaa ya Nairobi kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, watu hukaa karibu karibu. Redio ya mmoja husikiwa na wengi, na maji machafu yakimwagwa ovyo hufika mlangoni pa mwingine.

Sheria iko. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya nyumba za kukaa watu, sauti isizidi desibeli 50 mchana, wala desibeli 35 usiku. Walakini yafaa sheria iwe ya mwisho.

Mwenye kuudhiwa na afuate njia hii. Kwanza, asiende usiku ule ule, kwani hasira hasara. Pili, aende mwenyewe asubuhi, wala asitume mtoto. Tatu, apige hodi hata mara tatu; asipoitikiwa, arudi baadaye. Nne, aamkie, aulize habari za nyumbani, ndipo aseme: "Jirani, jana mtoto wangu hakulala." Na aseme lililompata, asitaje tabia ya mwenziwe.

Naye aliyeambiwa asifufue makosa ya zamani. Na aseme pole, apunguze sauti. Siku nyumba ishikapo moto, au mgonjwa azidiwapo usiku, ndugu aliye mashambani hatasikia mwito. Atakayesikia ni yule wa ng'ambo ya ukuta. Fimbo ya mbali haiui nyoka.